Bima ya afya Japani: fika dirishani kabla hujaugua

Siku ya tatu baada ya kutua Japani, mwenyeji wangu alinipeleka ofisi ya mji. Tulikaa mbele ya dirisha moja tukajaza fomu, tukaelekezwa dirisha la pili, tukajaza nyingine, na la tatu vivyo hivyo. Nilitoka pale nikiwa na bima ya afya na sijui kama ninayo. Nilidhani tumeandikisha anwani tu. Nilikuja kujua nilichopewa miezi minne baadaye, baiskeli iliponiteleza kwenye theluji nikavunjika kiwiko, nikatetemekea bili ambayo ilipokuja ilikuwa ndogo. Mwaka wa pili nikajua upande wake mwingine, pale madai ya mchango yalipopanda ghafla na mimi sikuwa nimeweka akiba.

Mwongozo huu ni kwa anayekuja kusoma, kufanya kazi au kumfuata mwenzi wake, na kwa yule ambaye yuko huko tayari lakini anatupa bahasha za ofisi ya mji kwenye droo bila kuzifungua. Kuna jambo moja la kushika tangu mwanzo. Sheria za Japani zinampa mgonjwa mengi, lakini karibu yote hutolewa kwa anayeomba. Wajapani wana jina la utaratibu huo, shinsei shugi: usipowasilisha ombi, hupewi, hata kama haki ni yako. Na kila ombi lina siku zake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa kuinama ni kwenda dirishani.

Historia nitaipitia haraka. Sheria ya bima ya afya kwa wafanyakazi ilitungwa mwaka 1922. Ya bima ya taifa ikafuata 1938, ikaandikwa upya 1958, na kufikia Aprili 1961 kila raia alikuwa chini ya bima moja au nyingine. Wageni walisubiri. Sharti la uraia liliondolewa kwenye bima ya taifa mwaka 1986, na tangu Julai 2012 kigezo ni miezi mitatu. Mwenye kibali cha kukaa zaidi ya hapo anaingia, na si kwa hiari yake. Mtalii haingii, wala aliyepewa kibali kwa ajili ya kuja kutibiwa.

Hatua ya 1: Jua uko kwenye mfuko upi

Hakuna kuchagua kifurushi. Mfuko wako unatokana na maisha yako.

Ukiajiriwa na kampuni kwa muda wote, uko kwenye shakai hoken, bima ya waajiriwa. Mchango wake ni kama asilimia 10 ya mshahara, nusu unakatwa wewe na nusu analipa mwajiri. Ukifikisha miaka 40 unaongezewa kidogo kwa ajili ya kaigo hoken, bima ya matunzo ya uzeeni iliyoanza mwaka 2000. Mwenzi na watoto wanaoishi nawe Japani wanaweza kuingia chini yako bila mchango wa ziada, kwa kawaida mradi kipato cha kila mmoja kisifike yeni 1,300,000 kwa mwaka. Zamani watu waliwaandikisha hata wazazi waliobaki nyumbani. Tangu Aprili 2020 mtegemezi lazima awe mkazi wa Japani, isipokuwa wachache kama mtoto anayesoma nje. Kwa hiyo mama aliyeko Tanga hawezi kuingia, hata kama unamtumia pesa kila mwezi na risiti unazo.

Wengine wote wa chini ya miaka 75, yaani wanafunzi, waliojiajiri, wasio na kazi na wenye vibarua vya saa chache, wanaingia kokumin kenko hoken, bima ya taifa inayoendeshwa na mji na mkoa. Watu hufupisha na kuiita kokuho. Humu hakuna mtegemezi, kila kichwa kinahesabiwa. Kuanzia miaka 75 kuna mfuko wa tatu, ulioanzishwa mwaka 2008.

Hapa kuna mtego. Baadhi ya waajiri wadogo humwambia mgeni, "Sisi hatuna bima, kajiandikishe kokuho mwenyewe." Kampuni iliyosajiliwa kisheria inawajibika kujiunga na shakai hoken hata ikiwa na mfanyakazi mmoja wa kudumu. Kwa wa saa chache, sheria inayotumika tangu Oktoba 2024 ni kwamba kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 50 inapaswa kumwandikisha anayefanya kazi saa 20 au zaidi kwa wiki kwa mshahara usiopungua yeni 88,000 kwa mwezi. Mwanafunzi wa mchana hahusiki. Ukiona unadanganywa, ofisi ya pensheni ya eneo lako, nenkin jimusho, ndiyo ya kuiuliza. Tofauti si ndogo, maana mwenye shakai hoken akiugua akashindwa kwenda kazini hulipwa theluthi mbili ya mshahara wake kuanzia siku ya nne, kwa muda unaoweza kufika mwaka mmoja na nusu. Kokuho kwa kawaida haina posho hiyo.

Hatua ya 2: Siku 14

Ukishapata pa kuishi, una siku 14 za kuandikisha anwani kwenye ofisi ya mji (shiyakusho) au ya wilaya ya jiji (kuyakusho). Chukua pasipoti na kadi ya ukaazi. Siku hiyohiyo, bila kurudi nyumbani, uliza dirisha la bima. Neno lao la dirisha la huduma ni madoguchi, na sentensi ya kutosha ni "Kokumin kenko hoken ni hairitai desu", nataka kuingia bima ya taifa.

Usijidanganye kwamba ukichelewa unaokoa pesa. Mchango huhesabiwa kuanzia siku ulipopaswa kuingia, si siku uliyojitokeza, na unaweza kudaiwa ya nyuma kwa miaka kadhaa. Matibabu ya kipindi ulichokuwa nje, kwa upande mwingine, huenda ukayabeba mwenyewe. Unalipia bima ambayo hukuitumia.

Ukipata kazi yenye shakai hoken, kampuni inakuingiza huko, lakini haikutoi kokuho. Kujitoa ni juu yako, tena ndani ya siku 14, ukiwa na uthibitisho wa bima mpya. Nimeona watu wakidaiwa na pande mbili kwa mwaka mzima kwa sababu ya jambo hili tu. Na ukiacha kazi, kinyume chake: siku 14 kurudi kokuho, au siku 20 kuomba kubaki kwenye bima ya kampuni kwa hiari. Hiyo inaitwa nin'i keizoku, unaweza kuikalia miaka miwili ikiwa ulikuwa mwanachama kwa miezi miwili au zaidi, ila sasa unalipa na ile nusu ya mwajiri. Kabla ya kuamua, peleka hati ya mshahara ofisi ya mji wakupigie hesabu ya kokuho, halafu linganisha.

Hatua ya 3: Tangaza kipato, hata kama ni sifuri

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayouma.

Mchango wa kokuho una sehemu mbili kubwa. Moja inafuata kipato chako cha Japani cha mwaka uliopita, Januari hadi Desemba. Nyingine ni ya kudumu, kwa kila kichwa. Kaya yenye kipato kidogo hupunguziwa hiyo ya kudumu kwa asilimia 70, 50 au 20. Mwanafunzi asiye na kipato hujikuta akilipa takriban yeni 20,000 kwa mwaka mzima, ingawa hutofautiana mji kwa mji.

Sasa, ofisi itajuaje kwamba huna kipato? Haijui mpaka uiambie. Mtu akikaa kimya, hasomwi kama maskini bali kama asiyejulikana, na asiyejulikana hapati punguzo. Kila mwaka, mwanzoni mwa mwaka, jaza fomu ya tamko la kipato na uandike sifuri ikiwa ni sifuri. Ufadhili wa masomo kwa kawaida hauhesabiwi kuwa kipato, kazi ya kibarua inahesabiwa.

Na usisahau mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza mgeni huonekana hana kipato kwa sababu mwaka uliotangulia hakuwa Japani, basi mchango unakuwa mdogo na yeye anafurahi. Akianza kazi na kulipwa vizuri, madai yanayokuja katikati ya mwaka unaofuata yanaupata ule mshahara. Mimi nilipata bahasha iliyozidi ile ya kwanza mara nyingi na nikaenda dirishani nikiwa na uhakika wamekosea. Dada wa pale alinichorea mstari wa miaka miwili kwenye karatasi, akaweka kidole, akasema kwa upole "kyonen", mwaka jana. Hawakuwa wamekosea.

Madai huja kwa awamu nyingi, na unaweza kulipa kwenye duka la konbini au kukatwa benki. Chagua benki. Karatasi hupotea.

Hatua ya 4: Kadi, na tarehe iliyo juu yake

Kadi za zamani za bima ziliacha kutolewa tarehe 2 Desemba 2024. Sasa uthibitisho wa bima umeunganishwa kwenye kadi ya namba binafsi, Mai Namba. Hospitalini unaiweka kwenye mashine ndogo ya mapokezi, inakutazama uso au unabonyeza namba yako ya siri ya tarakimu nne. Asiyekuwa na kadi hiyo, au asiyetaka kuiunganisha, hupewa karatasi au kadi iitwayo shikaku kakuninsho, na inafanya kazi kama kadi ya zamani. Hakuna anayelazimika kuwa na Mai Namba ili atibiwe.

Kwa mgeni kuna jambo ambalo Mjapani hakuambii kwa sababu yeye halimhusu. Kadi yako ya Mai Namba inakufa siku kibali chako cha ukaazi kinapokwisha. Ukiongeza muda uhamiaji, kadi haijiongezi. Chukua kadi mpya ya ukaazi, nenda nayo ofisi ya mji, waongeze tarehe. Kama majibu ya uhamiaji hayajatoka na tarehe inakaribia, nenda hivyohivyo na uthibitisho kwamba umeomba, kuna nyongeza ya miezi miwili. Ukiiacha ife, kutengeneza nyingine kunachukua wiki, na mafua hayasubiri.

Hatua ya 5: Anzia zahanati ya jirani

Aliyezoea Nairobi au Dar kuuliza kwanza "hapa mnapokea bima yangu?" atapumua. Bima ya Japani inapokelewa karibu kila mahali, zahanati ya mtaani na hospitali ya chuo kikuu, kwa bei ileile. Bei za matibabu hupangwa na serikali kwa pointi, pointi moja ni yeni 10, na hupitiwa upya kila miaka miwili. Kwa viwango vya mwaka 2024, kumwona daktari kwa mara ya kwanza ni pointi 291, yaani yeni 2,910 kabla ya vipimo na dawa. Wewe unalipa asilimia 30, kama yeni 870. Mtoto ambaye hajaanza shule ya msingi analipa asilimia 20, na miji mingi humfidia hata hiyo, baadhi hadi miaka 18. Fidia hiyo ya watoto nayo ina kadi yake na fomu yake. Iulize siku ileile ya kuandikisha mtoto.

Uhuru wa kwenda popote una breki moja. Ukienda moja kwa moja kwenye hospitali kubwa ya rufaa bila barua ya daktari, unatozwa nyongeza isiyopungua yeni 7,000, na hiyo bima haiigusi. Barua inaitwa shokaijo. Kwa hiyo anza na zahanati. Tumbo, homa na presha ni naika. Mifupa ni seikei geka. Ngozi ni hifuka. Masikio, pua na koo ni jibika. Macho ni ganka. Watoto ni shonika. Uzazi ni sanfujinka. Tazama saa za kazi mlangoni, maana zahanati nyingi hufunga mchana kwa masaa kadhaa na huchagua siku moja ya katikati ya wiki kupumzika.

Mapokezi utapewa monshinhyo, fomu ya maswali: unaumwa wapi, tangu lini, mzio, dawa unazotumia, mimba. Andika nyumbani majina ya dawa zako kwa herufi za Kilatini uende nayo. Ukitokea Afrika Mashariki ndani ya wiki chache zilizopita na una homa, sema wazi kwamba umetoka eneo la malaria, na sema tena kwa daktari mwenyewe. Daktari wa mtaani Japani anaweza kumaliza kazi yake yote bila kumwona mgonjwa wa malaria hata mmoja, atakuandikia dawa ya mafua kwa nia njema kabisa.

Dawa huchukui hapo, unapewa karatasi unaipeleka duka la dawa lolote. Karatasi hiyo inaishi siku nne, ikihesabiwa na siku iliyoandikwa. Siku ya tano unarudi kuomba nyingine kwa pesa yako. Dukani watakupa daftari dogo, okusuri techo, linaloandikwa kila dawa uliyowahi kupewa. Lichukue kila uendapo. Wakikuuliza kama unakubali dawa mbadala isiyo na jina la kampuni ya kwanza, kubali ila kama daktari amekataza. Tangu Oktoba 2024 anayeng'ang'ania ile yenye jina, ambayo mbadala wake upo, hulipa nyongeza.

Dharura ni 119 na gari la wagonjwa halitozi. Kwa mashaka tu, #7119 inashauri watu wazima katika maeneo mengi, na #8000 ni ya watoto usiku. Na ukiambiwa mlangoni kwamba hawapokei wageni, ujue Sheria ya Madaktari, kifungu cha 19, inamkataza daktari kukataa mgonjwa bila sababu ya msingi. Mwaka 2018 wizara ya afya ilikumbusha kwamba kukosa mdhamini pekee si sababu ya kukataa kulaza mtu. Usipigane. Omba kwa utulivu wampigie simu mtu wa idara ya ustawi ya hospitali.

Hatua ya 6: Bili ikiwa kubwa

Hapa ndipo sheria ya Japani inapoonyesha ukarimu wake, na hapa ndipo watu wengi wa kwetu wanapoteza pesa kwa kutojua.

Tangu 1973 kuna dari ya malipo kwa mwezi, kogaku ryoyohi. Chukua mwajiriwa wa chini ya miaka 70 mwenye mshahara wa wastani, kati ya yeni 280,000 na 500,000 hivi. Kwa kanuni iliyokuwa ikitumika mwaka 2025, dari yake ni yeni 80,100 kuongeza asilimia moja ya gharama iliyozidi yeni 267,000. Akifanyiwa upasuaji wa yeni milioni moja, asilimia 30 ingekuwa 300,000. Lakini dari yake inakuja 87,430. Zinazobaki, yeni 212,570, si deni lake. Mwenye mshahara wa chini ya hapo dari ni 57,600 bila kuongeza kitu, na kaya isiyotozwa kodi ya ukaazi ni 35,400. Ukigonga dari mara tatu ndani ya miezi 12, ya nne inashuka: kwa yule wa wastani inakuwa 44,400.

Serikali ilitaka kupandisha dari hizi kuanzia Agosti 2025. Vyama vya wagonjwa, wa saratani wakiwa mbele, vilipinga, na mwezi Machi mwaka huo waziri mkuu wa wakati huo, Ishiba, akaahirisha. Mjadala haukuishia hapo, kwa hiyo kabla ya kupiga hesabu yako uliza viwango vya mwezi unaolazwa.

Utaratibu ni huu. Kwa kadi ya Mai Namba, mashine ikikuuliza, ridhia taarifa ya dari isomwe, na hospitali itakutoza mpaka dari tu. Bila kadi hiyo, omba mapema kwenye mfuko wako hati iitwayo gendogaku tekiyo ninteisho uiwasilishe kabla ya kulipa. Ukiwa umeshalipa yote, dai urejeshewe. Una miaka miwili. Baada ya hapo pesa inabaki kwao.

Kuna vitu ambavyo dari haivifuniki: chakula cha wodini (kuanzia Aprili 2025 kilikuwa yeni 510 kwa mlo), nguo za kukodi, na chumba cha watu wachache, ambacho hutozwa kwa siku. Ukiletewa karatasi ya chumba cha kulipia uisaini, soma. Kama wewe hukukiomba na ni wao waliokuweka kwa sababu ya tiba, hupaswi kutozwa. Watu husaini kwa aibu ya kutojua kusoma, halafu bili ya kitanda inapita ya upasuaji.

Na jambo la kalenda. Dari ni ya mwezi wa kalenda, tarehe mosi hadi mwisho. Upasuaji usio wa haraka ukipangwa tarehe 27 na kutoka tarehe 6, umegonga miezi miwili, dari mbili. Muulize daktari kama inaweza kusogea hadi mwanzo wa mwezi ujao. Hilo si swali la kuona haya. Wauguzi wenyewe ndio walionifundisha.

Risiti zote za mwaka ziweke. Kaya ikitumia zaidi ya yeni 100,000 kutoka mfukoni, kuna punguzo la kodi, na unaweza kulidai hata kwa miaka mitano ya nyuma.

Hatua ya 7: Mimba

Daktari akithibitisha, nenda ofisi ya mji ukaandikishe mimba. Utapewa boshi kenko techo, daftari la mama na mtoto, ambalo Japani imelitoa tangu 1948, pamoja na vocha za vipimo vya kliniki. Matoleo ya lugha mbili yapo, la Kiingereza utalipata.

Kujifungua kwa kawaida si ugonjwa kwa macho ya bima, hivyo hakuna ile asilimia 70 ambayo bima hukulipia. Badala yake mfuko hutoa yeni 500,000 kwa kila mtoto, kiwango kilichopandishwa kutoka 420,000 mnamo Aprili 2023. Mara nyingi hulipwa moja kwa moja kwa hospitali, wewe unamalizia kilichobaki. Mijini, hasa Tokyo, kitabaki kitu, uliza bei mapema. Upasuaji wa kujifungua, huo bima inaulipia kama tiba nyingine yoyote, na dari ya hatua ya 6 inahusika.

Wengi wetu hutaka kwenda kujifungulia kwa mama. Pesa hii hutolewa hata kwa uzazi wa nje ya nchi, ila ni 488,000, na vithibitisho vinachunguzwa kwelikweli: cheti cha kuzaliwa, tafsiri ya Kijapani, pasipoti yenye mihuri ya safari. Zungumza na mfuko kabla ya kupanda ndege.

Mtoto akizaliwa Japani: siku 14 kuandikisha kuzaliwa, siku 30 kumwombea kibali cha ukaazi uhamiaji, na bima yake mara moja. Baba ndiye wa kukimbia na karatasi hizi. Mama amelala.

Hatua ya 8: Ukiumia kazini, ukiugua likizoni

Ukiumia kazini au njiani kwenda kazini, usitoe kadi ya bima ya afya. Hiyo ni kesi ya rosai, fidia ya wafanyakazi, na kwa kawaida hulipi hata yeni moja ya tiba. Inamhusu kila aliyeajiriwa, awe wa kudumu au kibarua, na haiangalii aina ya kibali. Msimamizi akikuomba useme uliangukia nyumbani, anakuomba umfichie kosa la jinai. Nenda rodo kijun kantokusho, ofisi ya ukaguzi wa kazi.

Ukigongwa na gari, toa taarifa kwa mfuko wako kwamba kuna mtu wa tatu aliyesababisha, kabla hujasaini suluhu yoyote naye.

Ukiugua ghafla ukiwa likizoni Mombasa au Mwanza, bima ya Japani inaweza kukurudishia sehemu. Hapohapo hospitalini mwombe daktari ajaze fomu mbili za kaigai ryoyohi, moja ya ugonjwa na tiba, nyingine ya mchanganuo wa malipo. Zichapishe na uziweke kwenye begi kabla ya safari, kwa sababu kumpata daktari yuleyule akujazie miezi mitatu baadaye ni kazi nyingine. Hesabu hufuata bei ya Japani au uliyolipa, iliyo ndogo, na wanatoa asilimia 70. Tiba uliyoisafiria makusudi hairudishwi.

Hatua ya 9: Ukishindwa kulipa

Fungua bahasha. Ukiona maandishi haya, 督促状, ni onyo la deni, na hatua za baadaye ni riba na kushika akaunti ya benki. Miji inagawa deni kwa awamu na hupunguza kwa aliyepoteza kazi au kupata janga, lakini unaomba kabla ya tarehe, si baada ya akaunti kufungwa. Anayetaka ukaazi wa kudumu ajue uhamiaji huangalia kama mchango ulilipwa kwa wakati, si kama ulilipwa tu. Mwezi mmoja wa kuchelewa umewahi kumrudisha mtu nyuma.

Asiyeweza kulipa hata ile asilimia 30, au asiye na bima kabisa, kuna hospitali na zahanati zinazotibu bure au kwa bei ndogo chini ya Sheria ya Ustawi wa Jamii. Huduma hiyo inaitwa muryo teigaku shinryo. Uliza shakai fukushi kyogikai, baraza la ustawi la mji wako, wakupe orodha.

Siku ya kuondoka

Wiki mbili kabla ya ndege, nenda ofisi ya mji kutangaza kwamba unahama nchi, tenshutsu todoke. Mchango utapigiwa hesabu mpaka siku hiyo. Unaweza kudaiwa kidogo au kurudishiwa kidogo, na kama ni kurudishiwa, akaunti ya benki isiwe imeshafungwa. Chukua matokeo ya vipimo na daftari la dawa, na kama una ugonjwa wa kudumu omba barua ya daktari kwa Kiingereza mapema, inachukua siku kadhaa na inalipiwa nje ya bima. Mimi niliomba yangu siku mbili kabla ya safari. Ilinifikia kwa posta, Morogoro, baada ya mwezi mmoja.